Namba Zinazotetemeka

3 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, kwa hiyo tuingie moja kwa moja kwenye kazi.

Programu imefika. Nimeiweka kwenye ile kompyuta kuukuu ya karakana kama ulivyonielekeza. Nilibonyeza kila ulichosema nibonyeze, na kingine kimoja ambacho hukusema, kompyuta ikazimika. Nikaiwasha tena, ikanisamehe. Waya nimeuchomeka pale ulipoonyesha kwenye picha, na namba sita zikatokea kwenye kioo, kila kiungo na yake: kiuno, bega, kiwiko, na vile vitatu vya kifundo. Nilisimama nikizitazama kama mtu aliyeletewa mjukuu. Mjukuu wa kweli bado nangoja, lakini hilo tuliache.

Kwenye maelezo yako unamwita "mkono wa roboti". Hapa kiwandani hana jina hilo. Aliletwa baada ya wewe kuondoka, na baba yako mdogo Jogoo akambatiza siku ya kwanza: anaitwa Mama Mkwe. Sababu alizitoa mwenyewe mbele ya watu wote. Kwanza, humsogelei bila ruhusa. Pili, humgeuzii mgongo. Tatu, hata akikosea yeye, wa kuomba radhi ni wewe.

Kazi yake ni kuchukua bati la duara, kuliweka chini ya presi, kungoja presi igonge, na kutoa sufuria. Siku nzima hachoki wala haombi ruhusa ya kwenda msibani. Ila bati hukwama, na likikwama ni sisi wawili, Jogoo na mimi. Mmoja husimama kwenye meza ya swichi, mwingine huingia ndani ya uzio kulichomoa. Wa kwenye swichi anabonyeza kitufe cha kusimamisha. Sasa Mama Mkwe hasimami palepale. Anamaliza safari aliyoianza, anarudi kwenye mkao wake wa nyumbani, ndipo breki zinashika, tak. Ukisikia tak unainua dole gumba na mwenzako anaingia. Kuona huoni, hata ukiwa mlangoni, kwa sababu presi imemziba. Unachokiona ni kipande cha kiwiko tu. Ni kusikia.

Na kwa kusikia unanijua. Miaka yote hii ya presi imenimaliza. Wiki iliyopita meneja aliniuliza habari za nyumbani, nikamjibu imebaki kukaza boliti mbili. Akacheka, akadhani ni mzaha. Jogoo ameniita Mzee Nini, maana ndilo neno langu kubwa siku hizi. Ananiambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe husikii la mkuu wala la mdogo, utavunjika vyote." Simu ndiyo usiseme, naisikia kama redio iliyozama. Ndiyo maana nakuandikia hivi, kwa kidole kimoja, nikiwa nimevaa miwani mbili.

Kile kidude cha mkononi cha kumwongozea, kioo chake kilikufa tangu mwaka jana. Meneja anasema kipya kinaagizwa. Mlango wa uzio nao una kufuli lake la umeme: ukifunguliwa tu, Mama Mkwe anakatika hapohapo. Lilikuwa linachelewesha kazi, meneja akaagiza lifungwe kwa waya ili lidhani mlango umefungwa daima. Limefungwa. Kwa hiyo programu yako imenikuta pazuri. Wengine wana masikio, mimi nina mtoto.

Ombi moja. Hizo namba hazitulii. Mama Mkwe akiwa amelala kabisa, zile za mwisho baada ya nukta zinacheza kama nzi juu ya chungu. Macho yangu yanauma, na sijui kama amefika au anafika. Zitulize, mama. Uniwekee kitu ambacho hata mtu mjinga kama mimi akikitupia jicho anajua.

Jogoo anakusalimu. Anasema ukipata mchumba umlete kwanza kwake akamkague.

Baba yako,
Mzee Nini


9 Machi

Shikamoo Baba,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama kuna habari njema. Nikamwambia baba yangu amezima kompyuta.

Namba zinazocheza si ubovu. Ndani ya kila kiungo kuna kifaa kinachopima kimegeuka kiasi gani, na kinapima mara nyingi kwa sekunde. Hakuna kipimo duniani kinachotulia kabisa ukikitazama kwa karibu vile. Hata mkono ukiwa umefungwa breki, kuna mtikisiko wa sakafu, kuna umeme wenyewe. Ni kama pumzi, Baba. Mtu aliyelala halali kama gogo.

Mimi ningeziacha. Lakini nimefikiria macho yako na hiyo miwani mbili, nikaona hukuniomba kitu kikubwa. Kwa hiyo nimeziondoa zote za baada ya nukta. Sasa utaona namba kamili tu. Na nimekuongezea jambo: namba zote sita zikilingana na mkao wa nyumbani na zisibadilike, kioo kizima kinakuwa kijani. Hakuna kusoma. Kijani, inua dole gumba. Si kijani, kaa kimya na mikono mfukoni.

Sasa na mimi nina langu. Umewaambia kazini kuhusu masikio? Usinijibu kwa mzaha. Nimekutengenezea hii ikusaidie wakati unakwenda kupimwa, si ili usiende. Na hilo kufuli la mlango halinipendezi. Mwambie meneja waya utoke.

Msalimie Baba Mdogo. Mwambie mchumba akisikia atakaguliwa na jogoo atakimbia.

Kitindamimba wako


21 Machi

Mwanangu,

Kijani chako kimebadilisha maisha yangu. Naongea kama tangazo la sabuni, lakini ni kweli.

Siku ya kwanza Jogoo alikataa. Yeye yuko mlangoni kwenye uzio, mimi kwenye swichi, kioo kikawaka kijani, nikainua dole. Akabaki amesimama, sikio ameliinamisha kama kuku anayetega mvua. Akasikia tak yake, ndipo akaingia. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akaja akaigeuza kompyuta ili na yeye aione kutoka mlangoni. Akatazama kijani, akategea tak, akatazama kijani, akategea tak. Vikawa vinafuatana kama mtu na kivuli chake. Mwisho akaniambia, kwa kunipigia kelele sikioni, "Mzee Nini, huyu mtoto wako ana akili. Kazipata kwa mama yake." Tangu presi ya pili ianze kufanya kazi hata yeye hiyo tak haisikii vizuri, sema ana kiburi, hawezi kukiri. Siku hizi haitegei tena. Anatazama kioo na dole langu, anaingia, anatoka na bati lake, anaimba. Naambiwa anaimba vibaya. Kuna faida katika kila ulemavu.

Kuhusu masikio, nitakwenda. Ngoja msimu huu wa oda uishe. Mwanangu, mtu wa umri wangu akisema "sisikii" kwenye kiwanda, anajibiwa kwa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Hiyo naisikia vizuri hata kabla haijaandikwa. Na kuhusu waya wa mlango, nilimwambia meneja. Aliniuliza, "Nani amelalamika?" Nikafikiria, nikaona ni mimi peke yangu.

Kichekesho: juzi kijani kilipenda kazi mno. Mama Mkwe anapiga mzigo, sufuria zinatoka, na kioo kiko kijani tu, kimeganda, kinaniambia yuko nyumbani. Nikauchezesha waya pale nyuma, namba zikaanza kukimbia tena. Nadhani ule mtikisiko wa presi mpya unaulegeza. Nimeufunga na kitambaa. Hata kompyuta siku hizi inajifanya iko kazini kumbe imelala. Imejifunza kwa mlinzi wetu.

Kula vizuri. Lala mapema.

Baba yako,
Mzee Nini


2 Aprili

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa ufupi. Huku mambo yamepamba moto. Bosi wangu ameiona programu yako, kaipenda, anataka niionyeshe kwa wenzangu katikati ya mwezi, kwa hiyo naisafisha usiku na mchana. Nimemwambia mteja wa kwanza ni baba yangu na hajalipa hata sufuria.

Barua yako nimeisoma haraka kwenye foleni. Mengine nitajibu nikitulia. Nimefurahi kwamba Baba Mdogo ameikubali.

Kitindamimba wako


16 Aprili

Baba,

Usiitumie programu. Ukisoma hii ukiwa kazini, nenda ukaizime kabla hujamaliza kusoma.

Jana jioni nilikuwa naionyesha. Mkono wa hapa kwetu ulikuwa nyumbani, kioo kijani, kila mtu anaitikia kwa kichwa. Mmoja akajikwaa kwenye waya, ukachomoka. Mkono ukaanza safari yake ya pili, na kioo kikabaki kijani. Hakuna aliyeona ila mimi. Nilisimama pale naendelea kuongea, huku namba zikisema yuko nyumbani na yeye yupo katikati ya chumba.

Waya ukikatika, programu inaendelea kuonyesha namba za mwisho ilizozipata. Nilipaswa kuiambia ifute kioo. Sikuiambia. Na zamani hilo lingeonekana, Baba, kwa sababu zile za baada ya nukta zingeacha kucheza. Ungezitazama ukajua kuna kitu kimekufa. Lakini nimeziondoa. Sasa mkono uliotulia na waya uliokatika vinafanana kabisa.

Nilipofika chumbani nikairudia barua yako. Uliniambia. Uliniandikia kwamba kiliganda kikiwa kijani, na mimi nikakujibu habari za bosi wangu.

Nimekupigia nikijua hutasikia. Nimempigia Baba Mdogo, simu yake inaita mpaka inakatika. Nimewatumia wote wawili ujumbe. Usiinue dole gumba kwa mtu yeyote. Nijibu neno moja tu.

Kitindamimba


17 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika. Umewahi. Programu nimeizima na kompyuta nimeirudisha stoo.

Huku salama. Usiwe na wasiwasi wala usijisumbue kupiga simu, hali ya hewa inaharibu mtandao. Endelea na kazi yako. Kosa dogo la waya linampata kila fundi.

Mvua imenyesha kidogo.

Baba yako


18 Aprili

Baba,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Haina mzaha. Haina Mzee Nini. Na tangu nijue kusoma sijawahi kupata barua yako ambayo Jogoo hayumo. Hata ile ya msiba wa mama ulinieleza alivyodondosha sahani.

Baba Mdogo yuko wapi?

Usiponijibu nitamwuliza Mama Mdogo.

Kitindamimba


24 Aprili

Mwanangu,

Mimi ni mama yako mdogo, mke wa Jogoo. Ujumbe wako nimeuona tangu wiki iliyopita. Sikuwa na mikono ya kujibu. Leo watu wa msiba wamepungua, nimekaa kwenye cherehani sishoni chochote, nimeona nikuandikie.

Baba yako mdogo ametutoka juzi, alfajiri. Tumemzika jana.

Najua baba yako hakukwambia. Aliniomba na mimi nisikwambie, akasema una mambo mazito huko, na nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Lakini umeniuliza wewe mwenyewe, na mimi nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Siwezi kukuandikia uongo.

Ilikuwa tarehe 15, kabla ya mapumziko ya mchana. Bati lilikwama, akaingia. Ile mashine ikaja ikamkuta, ikamsukuma kwenye nguzo ya presi, ikambana kifuani. Wenzake wanasema aliita. Waliokuwa upande wa pili kabisa wa jengo walisikia, wakaja mbio. Baba yako alikuwa karibu kuliko wote, kitufe chekundu kiko chini ya mkono wake, naye amesimama anatazama kompyuta.

Nilimchukia kwa siku mbili. Nakwambia ukweli. Baadaye nilimkuta kwenye korido ya hospitali, amekaa sakafuni karibu na ndoo ya kupigia deki, watu wanamruka. Chuki ikanishinda kuibeba.

Sasa nisikilize. Jana baada ya mazishi waliniita kiwandani. Meneja yupo, na bwana mmoja wa ukaguzi wa kazi na karatasi zake. Baba yako akasimama. Akasema, "Mimi ni kiziwi. Nimewaficha. Sikusikia breki, nikainua dole. Hakuna kingine." Meneja alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayeletewa chakula. Yule bwana akauliza, "Hakuna kingine kabisa?" Baba yako akasema, "Hakuna." Basi karatasi zikafungwa. Wanasema kosa ni la mfanyakazi aliyeficha maradhi yake, kiwanda hakihusiki, na kwa hiyo na mimi na wanangu kiwanda hakituhusu, hata fidia hatupati.

Nilipita kwenye ule mlango wa uzio wakati natoka. Waya ambao mume wangu alikuwa akiusema kila siku mezani haupo. Wameutoa. Kufuli linang'aa. Nikamwambia baba yako, "Shemeji, waya uko wapi?" Akainamisha macho.

Na kuna hili. Mume wangu siku mbili za kwanza alikuwa bado anasema. Alinishika nguo, akaniambia, "Kilikuwa kijani. Mwambie Mzee Nini asijile moyo. Hakunidanganya. Na mimi nilikiona, kilikuwa kijani." Sikujua kijani ni nini. Nilimwuliza baba yako, mbele ya yule bwana wa karatasi, "Kijani ni nini?" Akajibu, "Ni maneno ya mtu mwenye maumivu. Alikuwa anaweweseka."

Mwanangu, niliishi na yule mtu tangu nikiwa msichana wa nywele mafungu mawili. Hakuwa anaweweseka. Alikuwa ananitumia ujumbe, na sijui wa kumfikishia.

Wewe unajua kijani ni nini?

Mama yako mdogo


25 Aprili

Shikamoo Baba,

Mama Mdogo ameniandikia. Usimlaumu, mimi nilimuuliza.

Uliniambia nimewahi. Nimeitazama tarehe ya barua yangu na tarehe aliyonipa. Nilikuwa nimechelewa kwa siku nzima, na kwa zile zote tangu tarehe 2. Wakati mimi nampigia Baba Mdogo simu yake ilikuwa inaita kwenye mfuko wa suruali iliyokatwa kwa mkasi hospitalini.

Najua kwa nini umefanya hivyo. Umepiga hesabu za mzazi: mwanangu ana kazi mpya na bosi anayempenda, mimi nimebakiza miaka michache na masikio yamekwisha, basi mzigo uje kwangu. Ungekuwa mzigo wako peke yako ningenyamaza, Baba, ingawa ungeniua. Lakini si wako peke yako. Umesimama mbele ya watu ukasema hakuna kingine, na kingine kilikuwepo. Waya wa mlangoni ulikuwepo. Kioo kilichokufa kilikuwepo. Kijani changu kilikuwepo. Umevifagia vyote nje ili mimi nisionekane, na Mama Mdogo amefagiwa pamoja navyo, yeye na watoto wake.

Na Baba Mdogo. Alitumia pumzi aliyobakiwa nayo kusema kwamba hukumdanganya. Ukamfanya mtu anayeweweseka. Sidhani kama kuna siku nyingine maishani mwako ulimtukana, na umemtukana akiwa hawezi kukujibu.

Nimemwambia bosi wangu kila kitu. Ameniomba programu yote kama ilivyo, nisiguse herufi. Nimemwandikia Mama Mdogo kijani ni nini, na nani alikitengeneza, na nani aliambiwa kimeganda akawa na haraka. Nimemwandikia pia yule bwana wa ukaguzi. Nakuja na basi la Ijumaa. Nitasema langu. Lakini waya wa mlangoni sikuuona mimi, uliuona wewe. Mimi siwezi kuusemea.

Ukikaa kimya, kile ulichonikinga nacho kitanipata vilevile, na Mama Mdogo atabaki palepale.

Mwanao


28 Aprili

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba.

Nimeandika hii mara kadhaa nikaifuta. Kidole kimoja, miwani mbili, na aibu. Ni vitu vingi kwa simu moja ndogo.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mama yako mdogo. Alinifungulia mlango lakini hakunikaribisha kiti, nami nikasimama. Nikamwambia, "Shemeji, hakuwa anaweweseka." Akaniambia, "Najua. Ulikuwa unasubiri nini?" Mtu aliyezoea kuuliza "nini" siku nzima, akaulizwa yeye. Alinitazama, halafu akaniletea maji. Nilikunywa nikiwa nimesimama.

Kutoka kwake nikaenda ofisi ya ukaguzi. Nimesema waya ulifungwa na nani na kwa amri ya nani, na wapo watatu walioshika koleo, mmoja wao ni mimi. Nimesema habari ya kile kidude kilichokufa kioo. Nimesema kijani kiliwahi kuganda na nikaufunga waya kwa kitambaa badala ya kuuliza. Nimesema masikio. Yule bwana akaniuliza kwa maandishi, maana alishachoka kupaza sauti, kwa nini mara ya kwanza nilisema hakuna kingine. Nikamwandikia: nina mtoto. Akaisoma akaikunja. Sijui watafanya nini. Meneja ananipita kama nguzo, na wenzangu wawili wa koleo wanasema hawakumbuki. Barua ya kunishukuru kwa utumishi wangu nimeipata jana, imeandikwa vizuri sana. Uje ukijua hivyo, usije ukadhani kuna mtu anatungoja na shada la maua.

Umesema nilipiga hesabu za mzazi. Ni kweli, na nilizikosea. Nilidhani ukimfunika mtoto unafunika mtoto peke yake.

Walichoniruhusu kiwandani ni kuchukua koti langu. Nilipita karibu na uzio. Wamemweka mtu mwingine kwenye swichi, ana masikio mazuri, ametega. Mama Mkwe anafanya kazi kama kawaida. Nilimtazama akichukua bati, akiliweka, akingoja. Nilidhani nitamchukia. Yeye hajui hata kama kuna mtu aliyepungua.

Jambo moja sijamwambia mtu, na wewe ndiye unayeweza kulielewa, kwa hiyo nakuandikia kabla hujafika, kwa sababu ukiwa mbele yangu sitaweza.

Siku yake ya mwisho waliniruhusu kukaa naye, mama yako mdogo alikuwa amekwenda kuwalaza watoto. Hakuwa anaongea tena. Na hata angeongea nisingesikia, kwa hiyo tulikuwa sawa, mimi na yeye, kama tulivyozoea. Nilimshika mkono. Kwa mtu anayetazama tu ulikuwa umetulia kabisa. Muuguzi alipita, akatazama, akaendelea na safari zake. Lakini kwenye vidole vyangu haukuwa umetulia. Ulikuwa unatetemeka kidogo, kidogo sana, kule mwisho baada ya nukta, pale nilipokuomba wewe ufute kwa sababu paliniumiza macho.

Nilikaa nikizisoma namba hizo usiku kucha. Sikuinua dole kwa mtu. Karibu na alfajiri zikawa namba kamili.

Nitakuwa kituoni Ijumaa. Ukiniita usishangae nisipogeuka. Njoo mpaka mbele yangu.

Baba yako